Mashine Tatu na Sura ya Tisa

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi na tangu hapo sijakaa kitako. Nimefagia chumba ambacho hakikuwa na taka.

Jana tulikwenda kwa daktari wa macho. Alisema presha ya macho ya Mama imefika mbali. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitashikiliwa kwa dawa ya matone. Mama alimsikiliza huku ameukumbatia mkoba wake, kisha akauliza swali moja tu: "Nitasoma mpaka lini?" Daktari akapekua karatasi ambazo alikwisha kuzisoma. Akasema herufi kubwa kubwa, pengine mpaka mvua hizi ziishe.

Mama alikuwa mkunga miaka arobaini na mmoja. Ana madaftari kumi na sita ya yale aliyojifunza kwenye vitanda vya watu, na chuo cha wakunga kimemwomba mara mbili ayafanye kitabu. Sisi watoto wake tulikuwa tunasema mwakani, mwakani. Sasa anataka kukisoma chote mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kabla hakijapelekwa kwa mpiga chapa.

Jumapili, 3 Machi

Nimewapigia ndugu zangu, tumegawana kazi. Mimi nitachapa, maana ndiyo kazi iliyonilea: miaka thelathini ofisini, kuanzia taipureta mpaka kompyuta. Kaka, ambaye ni ofisa katika idara ya afya mjini kwake, atasahihisha. Mdogo wetu, kitinda mimba, anayeishi mwendo wa siku mbili kutoka hapa na kazi yake ni uchoraji, atachora picha na kuzipanga. Kaka alisema jambo jepesi kama hili halihitaji kikao.

Jumatano, 6 Machi

Kurasa kumi na nane. Vidole havijasahau.

Jumatatu, 11 Machi

Kumbe si jepesi.

Kompyuta yangu ni kuukuu. Fundi aliiwekea mfumo wa bure, ule wa watu wasiotaka kununua. Kaka anatumia ya ofisini, yenye mfumo ulio katika ofisi zote, na programu ya kuandikia yenye vitufe vingi kama chumba cha rubani. Mdogo wetu ana ile ya wasanii, nyembamba kama sahani, nayo ina mfumo wake wa tatu na programu yake isiyosalimiana na wenzake.

Nilituma sura tatu. Kwa Kaka, majedwali yote yamelaliana kama watu waliokosa nafasi kitandani. Kwa mdogo wangu, kila palipo na ng' pameota vidudu: mkia, kofia, alama ya pesa za watu. Na Mama katika uandishi wake ana ng' nyingi. Kitovu king'oke chenyewe. Usimng'ang'anie mtoto. Mdogo wangu alinisomea kwenye simu huku anacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama dirishani, natazama maji yakikimbia mferejini, nahesabu wiki.

Ijumaa, 15 Machi

Wiki hii nimejaribu programu nne. Ya kwanza ilipigia mistari myekundu kila neno la Mama, ukurasa mzima ukawa kama mtoto mwenye surua. Ya pili ilinisahihisha bila kuulizwa. Nikiandika "na" inaigeuza neno la Kiingereza, nikirudisha inageuza tena, tukashindana hivyo asubuhi nzima kama mawifi. Ya tatu ilitaka intaneti, na mvua ikinyesha intaneti yetu hulala. Ya nne nzuri, ila faili lake kwa Kaka halifunguki kabisa.

Wakati huohuo Kaka ananirudishia masahihisho kwa rangi tatu, na mdogo wangu anasahihisha nakala ambayo Kaka ameshaibadilisha. Sasa tuna "Kitabu mwisho", "Kitabu mwisho kabisa" na "Kitabu mwisho tumia hiki". Hakuna anayejua kipi ni kipi.

Mama ameniuliza lini ataanza kusoma. Nimesema wiki ijayo. Akasema, "Jana niliona kengele ya mlangoni. Leo naona pale ilipo."

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Nimepanga upya kabati la vyombo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempelekea fundi kompyuta. Ni binti wa miaka thelathini hivi, watu wanamwita Bisibisi kwa sababu hata akizungumza na wewe anayo mkononi. Duka lake ni chumba kimoja, nyaya zimening'inia, na anakulazimisha uvue viatu kwa sababu ya matope.

Nilimweleza yote. Nilitegemea aniambie ninunue kitu. Badala yake aliniuliza kitabu kimefika wapi. Nikasema kinaandikwa bado. "Basi mama, mbona mnakivisha nguo za harusi wakati hakijazaliwa?"

Akanieleza, nami nayaandika hapa nisije nikayasahau. Zile programu kubwa haziandiki maneno peke yake. Zinaandika na mapambo: fonti, rangi, pambizo, jedwali. Mapambo hayo ndiyo yanayogombana kila faili likihama mfumo. Ukiandika maandishi matupu, yaani herufi na nafasi basi, hakuna mashine itakayoshindwa kuyasoma, ya jana wala ya kesho. Na kila mfumo una programu ndogo ya kuandikia maandishi matupu, imo humo tangu kununuliwa, watu hawaigusi tu.

Nilikataa kwanza. Mimi ni mtu wa pambizo. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa anaweka rula kwenye barua zangu na hakukuta kosa. Kuandika bila hata kukoleza kichwa cha habari niliona kama kutoka nje na kanga moja. Ndipo Bisibisi akachukua kishikwambi, akafungua sura ya kwanza ya Mama katika programu ndogo kama hiyo, akaigeuza maandishi meupe juu ya weusi, akavuta kwa vidole viwili. Herufi zikakua mpaka zikawa kama kidole gumba, na mistari ikajikunja yenyewe ndani ya kioo, hakuna neno lililokatika wala kukimbilia pembeni.

Nikavuta na mimi, kwa vidole vyangu.

"Pambo litakuja mwishoni," alisema, "mara moja, kwenye mashine moja, na mtu mmoja."

Jumapili, 24 Machi

Kaka hataki. Anasema hiyo ni programu ya kuandikia orodha ya sokoni, si kitabu cha mama yetu. Anasema mimi kila siku napenda vya bure. Nilimjibu vibaya, naye akanijibu vibaya zaidi, tukaagana kwa adabu ya watu wa ofisi.

Kibaya ni kwamba nilimtumia sura moja ajaribu, na kwake aya zote ziliungana zikawa mstari mmoja mrefu kama foleni. Alinitumia picha yake bila neno lolote.

Jumanne, 26 Machi

Bisibisi amesema ni kweli. Hata zile ndogo zinatofautiana jinsi ya kumaliza mstari, na ya Kaka ni ya zamani. Ametutafutia moja ndogo, ya bure, iliyotengenezwa kwa mifumo yote mitatu, na ametuambia sote tuchague namna moja ya kuhifadhi faili. Sura moja, faili moja, jina ni namba tu. Hakuna "mwisho kabisa".

Mdogo wangu ameifungua kwake: ng' zote salama. Kaka ameandika, "Inafaa kwa sasa." Kwa Kaka huyu, hayo ni mashairi.

Jumanne, 2 Aprili

Mama ameanza kusoma. Anakaa dirishani saa mbili hadi saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, kishikwambi tulichoazima kwa Bisibisi kimeegemea bakuli la matunda. Kioo kimoja kinabeba mistari sita. Anasoma kwa sauti ndogo, midomo tu, kisha anavuta. Amenikamata makosa manne. Moja si langu, ni la Kaka. Nikafurahi kuliko inavyostahili.

Jumanne, 9 Aprili

Sura ya nne. Mvua ya mawe kidogo.

Jumatano, 17 Aprili

Sura ya tisa haipo.

Nimegundua nikilinganisha mafaili na madaftari. Kaka amerudisha sura zake zilizosahihishwa, nane, tisa, kumi, lakini tisa yake ni ile ya mapacha, ambayo kwangu ilikuwa ya kumi. Zote zimesogezwa juu namba moja ili pengo lisionekane. Si mashine hiyo. Mashine hupoteza ovyo ovyo, haifuti nyayo.

Naikumbuka vizuri kwa sababu niliichapa huku nimejikunyata. Ndiyo sura bora kuliko zote. Mama anaeleza siku aliyochelewa: mwanamke anavuja damu baada ya kujifungua, gari la kumpeleka hospitali liko mlangoni, na Mama anasema subirini kidogo, mikono yangu inaweza. Haikuweza. Mtoto alipona, mama yake akafa. Hakuna jina, wala mahali. Mama ameandika: "Nilimwambia mumewe ni kazi ya Mungu. Sehemu ilikuwa yangu." Mwanafunzi wa ukunga akisoma hiyo hatasubiri tena.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimempigia Kaka. Sikumsalimia hata. Nilimuuliza kama ameitoa yeye. Akasema: "Nimeitoa. Iache ilivyo."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, iache tu.

Sasa nayaunganisha. Mwezi wa sita idara yao inapata mkuu mpya na jina lake limo katika watatu. Mama aliyekiri kusababisha kifo si mzigo mzuri wa kupanda nao ngazi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba tangu utotoni yeye husafisha nyumba kwa kusukuma taka chini ya kitanda. Hakujitetea. Hilo ndilo lililonikera zaidi: mtu mwenye hatia hujitetea walau kidogo.

Alisema, "Umemaliza?" Nikakata simu.

Nimetembea barazani mpaka jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Alhamisi, 25 Aprili

Wiki moja bila Kaka. Mafaili yanakuja, yamesahihishwa, hayana salamu. Mdogo wangu ananiomba nimpigie. Nimesema simu ina ncha mbili.

Ijumaa, 3 Mei

Mama yuko sura ya nane. Ameomba herufi ziongezwe. Sasa mistari minne kwenye kioo. Akisoma anainamisha kichwa upande wa kushoto, kama ndege. Sikumwambia lolote kuhusu ugomvi.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya jambo.

Nakala yangu ya kwanza ya sura ya tisa ilikuwa kwenye flashi, maandishi matupu, haina hata vumbi. Nimeinakili kwenye folda yetu, nikazirudisha sura nyingine namba zake. Dakika mbili. Nimeiweka pia kwenye kishikwambi cha Mama. Kaka akitaka kuitoa tena, atoe mbele ya watu.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikuwa jikoni. Mama husoma kwa mnong'ono, na mnong'ono huo nimeuzoea kama saa ya ukutani. Ukakatika. Nikadhani amesinzia.

Nilipotoka nilimkuta amekaa wima, kishikwambi amekilaza kifudifudi juu ya meza.

"Nani amerudisha hii?"

Nikasema ni mimi. Nikaanza kueleza habari za Kaka, cheo chake, jinsi nilivyomgundua. Akaniacha nieleze yote mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mwanangu, kaka yako nilimtuma mimi."

Alimpigia mwezi wa nne, mara tu alipoanza kusoma. Hakukumbuka kwamba sura hiyo imo katika yale madaftari hadi alipoona tumefika katikati. Akamwomba aitoe na akamwapisha asiniambie, kwa sababu, alisema, mimi ningeuliza maswali na yeye hakuwa na majibu.

Na sababu ni hii. Mtoto aliyepona siku ile anaishi mitaa miwili kutoka hapa. Ndiye yule mwanamke anayeendesha basi la shule. Namfahamu, hata mimi namfahamu! Kila mwisho wa muhula huja kumsalimia Mama, anamwita Bibi, anamletea sabuni na kanga, kwa sababu baba yake, hadi anafariki, alimwambia: yule mkunga ndiye aliyekuokoa. Miaka thelathini na sita Mama amepokea sabuni hizo.

"Nilitaka chuo wajue," alisema. "Yeye sikutaka ajue. Mambo hayo mawili hayakai kitabu kimoja."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilimwambia nitaifuta sasa hivi, ni faili moja tu, sekunde moja. Nikakichukua kishikwambi. Mama akaweka kiganja juu yake.

"Niliandika nikiwa na macho, nikafunga daftari. Leo nimeisoma herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna neno nililoweza kuliruka." Akakivuta kishikwambi kwake. "Nitafutie namba yake."

Ijumaa, 10 Mei

Nimempigia Kaka. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatawanyika. Nikasema nisamehe, nimekukosea, Mama ameniambia. Akaguna. Nikamuuliza kwa nini alikubali nimtukane vile. "Ningefanyaje? Niliapa." Kisha akaniuliza kama Mama amekula.

Nimemfahamu mtu huyu miaka hamsini na minne, na nilimsoma kwa programu mbovu.

Jumapili, 12 Mei

Dereva atakuja Jumamosi. Mama hataki kusoma kitu kingine mpaka hapo. Nimemsihi asipoteze siku, akasema siku ni zake.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua inapungua. Sijalala vizuri. Nimesafisha madirisha yote, ya ndani na ya nje.

Jumamosi, 18 Mei

Amekuja saa tatu asubuhi, amevaa viatu vya kazini, ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kutuliza watoto arobaini. Ameleta sabuni. Akamwamkia Mama, akaketi. Mama hakuzunguka. Alimwambia, "Kuna jambo nililiandika kuhusu siku uliyozaliwa. Sikulisema kama lilivyokuwa. Nataka ulisome mwenyewe, ukimaliza uniambie unachotaka kuniambia, hata kama ni kuondoka."

Nilitaka kupunguza herufi ili asome kwa urahisi. Dereva akasema ziache. Kwa hiyo alisoma mistari minne, akavuta, mistari minne, akavuta. Sura ile kwenye karatasi ni kurasa tatu. Kwa herufi za Mama ilichukua karibu nusu saa. Mimi nilikuwa mlangoni, siwezi kukaa wala kuondoka. Mama alikuwa ameelekeza uso wake kwake, lakini sijui alikuwa anaona nini. Pengine kivuli na mkono unaotembea.

Mahali fulani dereva aliacha kuvuta. Nilijua ni wapi. Alikaa na kioo hicho muda mrefu, kisha akaendelea hadi mwisho.

Hakulia. Aliuliza, "Gari lilisubiri muda gani?"

"Nusu saa," Mama alisema. "Labda zaidi kidogo."

"Na angepona?"

"Sijui. Ningempeleka mapema, leo nisingekuwa nakujibu sijui."

Dereva akatazama sabuni alizozileta, mezani pale, bado ziko kwenye mfuko. Nilidhani atasimama. Akauliza, kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu mkubwa vile: "Aliniona?"

"Alikushika," Mama alisema. "Nilikuweka kifuani pake. Alikuhesabu vidole, vya mikono na vya miguu, akasema vimetimia."

"Hilo halimo humu."

"Halimo. Niliandika makosa yangu tu."

"Liandike." Akanigeukia mimi, kisha akamrudia Mama. "Na jina lake. Umeandika mwanamke mmoja, mwanamke mmoja, kana kwamba hakuwa na jina. Bibi, sijui kama nimekasirika. Nitajua nikifika nyumbani. Lakini jina liandikwe."

Nikaleta kompyuta yangu kuukuu, nikafungua faili namba tisa. Hakuna pa kukoleza, hakuna fonti ya heshima, mstari mtupu tu unaopepesa. Dereva akanitajia jina la mama yake, herufi kwa herufi, kwa kuwa lina h mahali ambapo watu huisahau. Nikaliandika kila palipokuwa na "mwanamke mmoja". Lilikuwa mahali kumi na moja. Kisha Mama akasema habari ya vidole, nami nikachapa kama anavyosema, sikurekebisha kitu.

Mama akaomba aone. Tukakuza mpaka kioo kikabeba neno moja. Akainamisha kichwa kushoto, akalisoma lile jina kwa sauti, na dereva akalirudia baada yake, akamsahihisha ile h.

Mama akalisoma tena.